Kamba Katika Mialoni ya Mpale

Korogwe,
9 Novemba 1953

Kwa dada yangu mpenzi Bernadina, Kwedizinga.

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na wale kuku wako wakorofi. Ukitaka habari za mdogo wako Yordani, keti kwanza usije ukaanguka. Katika watoto wote aliowazaa mama, bahati ilinichagua mimi. Sasa mimi ni nyapara wa miti ya Bwana, yule Mzungu wetu wa huko Mpale. Nina koti la kaki lenye vifungo vinne vya shaba, ninalala chini ya bati, na wafanyakazi sita husimama nikipita. Mwambie Katekista Dunstan anayekusomea apaze sauti hapo, jirani zako wasikie vizuri.

Miti yenyewe si mivule wala misaji. Ni mialoni, ile ya Abrahamu katika Maandiko. Bwana alizitoa mbegu kwao Ulaya, ndogo kama korosho, na kila moja imevaa kofia. Wazungu hawa, hata mbegu zao hazitoki nje kichwa wazi! Tulipanda saba, mimi na shemeji Simeo, mumeo, ambaye nilimwombea kazi mimi mwenyewe. Najua ukisikia jina lake siku hizi unakunja uso, lakini vumilia.

Mwaloni, dada, ni mti wa kudeka kama mtoto wa mwisho. Mvua ikizidi, majani yake huota ukungu mweupe, utadhani yamenyunyiziwa unga wa muhogo. Kiangazi kikiingia, mchwa nao wanaingia. Simeo alikuwa akiyachuma majani yenye ukungu moja moja na kwenda kuyachoma mbali, na mchwa akiwafuata mpaka kwenye kichuguu chao. Maji aliyamwaga mbali kidogo na shina, akisema kwamba hata mtu hanywi kwa kiuno. Mimi nilikaa kivulini nikimpa habari za Tanga na Mombasa, maana mtu aliyetembea kama mimi hawezi kuzifungia kifuani.

Niliyoyafanya kwa mikono yangu ni mambo mawili tu. Upepo wa mlimani ulikuwa ukiilaza miche, nami nikajitapa kwa Bwana kwamba mtu aliyefunga mizigo ya mkonge miaka minne hashindwi na kijiti. Nikachomeka vigingi, nikaifunga miche yote saba kwa kamba ya mkonge, nikakaza kwa goti kama tulivyokuwa tukikaza mizigo shambani. Kamba nilikuwa nimeichovya kwenye lami ili isioze. Kisha nikainulia udongo kwenye kila shina, vile tunavyoinulia mahindi kwetu, mpaka kamba zikafunikwa. Bwana akapita, akaona vichuguu saba vimejipanga sawasawa, akasema vizuri sana. Nilitembea na neno lile wiki nzima.

Simeo hakupenda. Aliniambia kwamba mti unanenepa kama mtu, kwa hiyo kamba ilegezwe kila baada ya masika, na kwamba shina likizikwa gome lake linaoza. Nilimcheka mbele ya wapishi wa Bwana. Nilimwuliza kama mialoni ilimtumia barua ikiomba kulegezewa mkanda. Wapishi walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akarudi kwenye ndoo zake.

Mwaka wa tatu majani ya juu yakaanza kukauka wakati mvua inanyesha. Mti mmoja ukafa, kisha wa pili, kisha wa tatu. Bwana alitujia amewiva uso kama pilipili, akauliza nani ameua miti yake. Siku zile Simeo alikuwa ametia majivu kuwazuia mchwa. Mdomo wangu huu, dada, unaoujua wewe uliyenilea, ukasema kwamba huenda majivu yameunguza mizizi. Nilisema "huenda" tu. Bwana hakulisikia hilo "huenda". Simeo alifukuzwa siku ileile na kuambiwa kwamba ni mvivu na mwongo. Alifunga kitanda chake, akanipa mkono, akaniusia nisisahau kumwaga maji mbali na shina. Basi.

Wiki moja baadaye nikafukua udongo kwenye mmoja wa ile iliyokufa. Kamba ilikuwa imezama ndani ya mti. Juu yake shina limevimba kama shingo ya mtu anayekabwa, chini yake limekonda na gome limeoza. Na fundo lilikuwa langu. Nikarudishia udongo. Nikanyamaza miezi minne, nikila ugali wangu.

Ndipo ikaja barua yako. Umeniandikia kwamba mumeo analala kwenye kibanda cha mbuzi, kwamba watoto wa jirani wanamwita Bwana Majivu, na kwamba Mjomba Mdoe ameitisha kikao Jumapili ya kwanza ya Desemba ili uchukue watoto urudi nyumbani, kwa sababu mume wa namna hiyo ni mzigo. Umesema tena kwamba ukimuuliza kilichotokea Mpale hajibu chochote ila kwamba Yordani ni mzima. Nilisoma neno hilo nikakaa chini barazani. Alikuwa ananifichia kosa langu kwako, dada. Hakutaka kukugombanisha na mdogo wako.

Basi sikia, na Dunstan asiruke hata mstari mmoja, tena asome mbele ya Mjomba Mdoe na wazee wote siku hiyo. Simeo hakuua mti. Niliua mimi, kwa kamba yangu na udongo wangu, na nilipojua nilimwacha abebe. Nilikwenda kwa Bwana na jembe, nikamfukulia mti nilioufukia, akaona mwenyewe. Tulizikata kamba za ile minne iliyobaki, tukaondoa udongo mpaka mizizi ikaonekana. Mmoja umeshatoa jani. Bwana amesema Simeo arudi kabla ya Krismasi, na kwamba atamwomba radhi yeye mwenyewe. Mwandalie njia, dada. Mpikie ale ndani ya nyumba yake. Mimi sikuombi unisamehe sasa hivi. Nakuomba tu uniache nikiwa bado ndugu yako.

Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Nisalimie shangazi Hosiana na mguu wake. Shemeji nimwambie nini? Mwambie maji nilimwaga mbali na shina.

Na yale ya juu, ya koti na bati na wafanyakazi sita, ni uongo, na ningeyaandika upya kama ningekuwa na karatasi ya pili. Sikuwahi kuwa nyapara hata siku moja. Bwana alinifukuza Ijumaa, na ninaandika haya hapa Korogwe, mtaa wa Masuguru, dukani kwa Muhidini, ninakobeba magunia.

Ni mimi mdogo wako,
Yordani