Basari na Nyumba ya Mama Eve

Jumatatu, 14 Julai 2025

Portal ya ufadhili wa chuo imejibu. Nimewekwa kwenye kundi la wanaojiweza! Nimecheka peke yangu jikoni kama mwehu. Eti familia yangu inaweza kubeba sehemu kubwa ya karo, kwa sababu mama ni mwalimu na ana payslip. Payslip yenyewe wangeiona! Mkopo wa hospitali ya baba, mkopo wa mazishi ya baba, mkopo wa kulipia ile mikopo. Kinachobaki tunanunua unga.

Nilimwambia mama kuna basari ya wadi, fomu zinatolewa wiki hii, Everlyne wa jirani ameshachukua. Akakunja uso. Mtoto wa Mwalimu Susan apange foleni ya maskini? Wazazi wanaokuja kwake awaandikie barua za kuomba basari, watamwonaje? Akaenda kusahihisha madaftari ambayo nadhani alishayasahihisha jana.

Mficha uchi hazai — bibi yangu wa Chawia hapitishi wiki bila kuisema. Lakini sikuthubutu kumrushia mama. Hata mimi naona haya. Sijui ni haya ya nini hasa. Kukosa pesa? Au kukosa pesa ndani ya nyumba ya mawe yenye vigae, watu wakielekezana njia wanasema "pinda pale kwa mwalimu"? Vigae vyenyewe baba alivikopea.

Nisipolipa awamu ya kwanza kabla ya kuripoti, nafasi imekwenda. Uhandisi wa maji! Hapa Voi mfereji ukitoa maji watu wanapigiana simu kuambiana. Naitaka hiyo kozi kuliko kitu chochote.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimejaza fomu mbili, yangu na ya Everlyne. Yake ni ya chuo cha uuguzi. Simu yake ni mulika mwizi, haina kamera, na kamati inataka picha itumwe kwa simu: mwombaji akiwa mbele ya nyumba anayoishi. Kwa hivyo nilivuka ua wa minyaa nikaenda kwao kumpiga picha.

Yeye hana haya hata kidogo. "Piga hapo udongo ulipoanguka, ndiyo waone vizuri!" Akasimama kando ya ule ukuta, akajaribu kuhuzunika, akashindwa. Tulicheka sana.

Kisha akauliza, na yako? Twende kwenu nikupige?

Nikasema, aah, nipige tu hapa. Mwanga wa hapa ni mzuri.

Akanipiga. Hakuuliza. Nilikaa kizingitini mwa mlango wao, nikavua viatu. Nilivua viatu! Hakuna aliyeniambia nivue.

Najiambia picha si uongo, nilikaa pale kweli. Nimekula pale tangu utotoni. Baba alipolazwa Mombasa na mama akawa naye huko, nililala pale muhula mzima. Kazi ya mzazi nimeandika kibarua — ambayo ni kazi ya Mama Eve, mama yake Everlyne, anaanika nyuzi za mkonge kule shambani mume wake alikomleta kutoka Bungoma, kisha akafa akamwacha na mtoto. Jina la mama nimeandika lake. Sahihi nimeweka mwenyewe. Mama yangu hajui lolote.

Nimetuma. Haya.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeponea chupuchupu.

Mama Eve ameniita uani asubuhi, ananong'ona. Jana kulikuja mzee wa mtaa — Mzee Danson, yule mpya aliyepewa kazi Mei, wa kutoka Sagalla, hatujui vizuri. Ana simu mkononi, na ndani ya simu mna picha yangu! Everlyne alikuwa amepeleka mahindi kusagwa. Mzee akauliza: na huyu msichana, Sharon, pia ni wa nyumba hii?

"Nikajua umekosea watu mahali," Mama Eve akaniambia. "Nikamwambia ni wangu. Huyu nimemlisha, nimemwogesha, nimemchapa. Kama ni kesi, aanze na mimi."

Akanitazama. "Ni kesi?"

Nikasema hapana, ni mambo ya shule.

"Mayi! Kumbe ni shule!" Uso wote ukafunguka. "Si angesema tu. Mimi nilikuwa nimeshashika mwiko."

Hapo ndipo ningemweleza. Alikuwa amesimama mbele yangu, anacheka, hana haraka. Badala yake nilimwambia asante, nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Mungu! Mama Eve hakusema uongo. Kwake yeye hakuna uongo hapo, mimi ni wake. Uongo wote ni wangu, na nimemtuma yeye kuusema kwa mdomo wake safi.

Nitamwambia wiki ijayo.

Jumapili, 27 Julai

Sikuenda kanisani. Nimesingizia kichwa.

Jumanne, 5 Agosti

Majina yamebandikwa. Langu lipo. La Everlyne halipo.

Alisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Halafu akanikumbatia mbele za watu na kupiga vigelegele, ungedhani ni yeye aliyepata. "Angalau mmoja wetu!" Tulipofika karibu na nyumbani aliuliza tu, chuo kinaweza kumshikia mtu nafasi hadi mwaka ujao? Nikasema nadhani kinaweza. Sijui kitu mimi.

Jioni nilimfuata Mzee Danson kwake. Nikajifanya namuulizia rafiki. Alinieleza kwa upole, huku akinikaribisha chai, akinipongeza. Kamati ilikuta wasichana wawili wa nyumba moja. Na utaratibu ni nyumba moja, mtoto mmoja, ili wengi wafikiwe. Mama yenu mwenyewe alikiri nyote ni wake. Basi wakatazama alama, wewe ukawa juu. Mwambie dada yako asikate tamaa.

Dada yako! Nikaweka kikombe chini.

Ni kweli nilimshinda alama. Muhula wa mwisho mimi nilikuwa darasani, yeye alikuwa amefukuzwa karo, yuko na mama yake anaanika mkonge. Nilikuwa nampelekea madaftari yangu Ijumaa anakili. Alipata zile alama kwa madaftari ya mtu mwingine.

Mimi nilidhani nadanganya kamati. Watu nisiowajua, wenye mihuri. Kumbe nilikuwa namwondoa Everlyne, na ni yeye aliyenishikia simu na kuniambia nicheke kidogo. Sina uso wa kumtazama. Nimezima taa ya chumbani asije akaona niko macho akaja kupiga stori.

Jumatano, 6 Agosti

Mama amesikia habari shuleni. Nilijiandaa kwa vita — nimeomba nyuma yake, nimemtia aibu. Hakukasirika! Alikaa kitini na mkoba begani akalia. Anasema kumbe siku hizi kamati zinaelewa, haziangalii payslip tu, zinaangalia hali ya mtu. Anasema alikuwa akilala akiwaza auze lile shamba la Chawia, lililobaki kwa jina la baba. Na Jumapili anataka nisimame kanisani nitoe ushuhuda.

Ushuhuda! Nimesema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu.

Baadaye Everlyne ameleta sanduku lake la bati, la shule, amelisugua likang'aa. Si wewe ndiye unayesafiri? Mimi la nini sasa? Anasema msimamizi wa mkonge amekubali aanze Jumatatu. Alilisema hilo akitazama kufuli la sanduku. Nikapokea. Ningekuwa na haya ya kweli ningelikataa hata hilo sanduku.

Chini ya ile orodha kuna maandishi madogo: mwenye pingamizi alete kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo hundi zinaandikwa.

Sijala tangu jana. Mama anadhani ni furaha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeenda. Nimeenda!

Karani wa basari anaitwa Koki. Nilikuwa nimekariri maneno njiani: naomba jina langu litolewe, apewe Everlyne Nabwile. Akaweka kalamu chini. Kwa nini? Nikasema kwa sauti ya chini, ile nyumba ya kwenye picha si yetu. Akasema rudia, sijasikia. Nikarudia, na watu waliokuwa kwenye benchi wote wakageuka. Mmoja alikuwa mzazi wa darasa la mama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Koki hakunifokea. Afadhali angefoka. Alinitazama viatu, akatazama saa yangu, akauliza mama yako anafanya kazi gani kwa kweli. Nikamwambia. Akasema, ndiyo, walimu wanaumia, hilo najua. Lakini hukuja kusema hivyo.

Kisha akanieleza. Nikijitoa mwenyewe, nafasi yangu inaenda kwa anayefuata kwenye orodha ya akiba, mtoto wa mbali huko. Haimrudii Everlyne. Kwenye faili, mama wa nyumba ameshathibitisha watoto ni wawili na mmoja amepewa. Anayeweza kuifungua hiyo ni mama mwenyewe. Aje, mbele ya mwenyekiti, aseme kwa mdomo wake kwamba mimi si mtoto wake.

Lini? Kesho, kabla ya saa sita.

Jioni nilivuka ua. Mama Eve alikuwa anachambua mchicha, Everlyne ametumwa dukani. Nilikaa kwenye kigoda. Nilifungua mdomo kusema yote, naapa. Yakatoka haya: Mama, kesho unaweza kuja na mimi ofisi ya basari?

Mchicha ukabaki mkononi. "Mimi? Kama mzazi?"

Eeh, nikasema.

EEH! Ulimi huu ungekatwa. Papo hapo akampigia msimamizi wake simu kuomba ruhusa, akiongea kwa sauti majirani wasikie. "Kuna mambo ya mtoto ofisini, lazima niwepo."

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika hapa kwenye benchi la ofisi. Mama Eve yuko kushoto kwangu. Amevaa kitenge cha kijani cha Pasaka na viatu vya kuazima kwa mama mmoja wa kwaya. Vinambana, ametoa kisigino nje kwa siri.

Nilijaribu njiani. Kila nilipoanza, alikuwa anasalimia mtu. Wanamuuliza anaenda wapi amependeza hivi, anajibu, ofisini, kuna mambo ya shule. Tulipofika relini tukabaki peke yetu, nikasema, Mama, kuna kitu. Akanikatiza, akaniambia mwanangu, mimi nimeitwa shule mara nyingi, lakini ni kuambiwa chukua mtoto wako mwende, karo haijaisha. Leo ndiyo mara ya kwanza naitwa kwa jambo zuri.

Nikamshika mkono tukavuka reli.

Saa tano inaelekea kwisha. Koki amepita na chai, amenitazama, amemtazama yeye, akaelewa sijamwambia. Ametikisa kichwa.

Mama Eve anauliza naandika nini. Nimesema mambo ya shule. Anasema andika yote, usisahau kitu.

Sasa ameniinamia, ananong'ona. "Nikiingia nitasema nini? Nisije nikakuaibisha."

Nasema nitamaliza sentensi hii kwanza kisha nitamjibu.

Mlango umefunguka. Mwenyekiti amechungulia na faili mkononi, anasoma jina humo: "Mama Sharon?"

Mama Eve ameshasimama. Anajinyoosha kitenge, anaingiza kisigino kwenye kiatu kwa nguvu, amenishika bega apate kuegemea —