Punda wa Anichukiaye

Wifi yangu mpenzi,

Sisi wazima. Binti yangu ameota jino, kamng'ata hata daktari. Usinicheke mwandiko, kuna mtu anapiga kelele hapo nje.

Ni kaka yako. Tangu anifukuze na kunitangaza mchawi mtaa mzima, leo ndiyo mara ya kwanza kuniita "mke wangu". Alikuwa akimchapa punda, punda akaanguka, mkokoteni wa mawe ukapinduka ukamlalia yeye mguu.

Biblia imeagiza nikimkuta punda wa anichukiaye ameanguka na mzigo, nimsaidie. Nimemfungua, nimemnywesha, nimemwosha vidonda vya fimbo.

Kuhusu mwenye punda, bado natafuta mstari. Na unajua mimi si mwepesi wa kusoma.

Wako,
Yule mchawi