Kiti Kilisukumwa kwa Amri Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mama wa mlalamikaji (jina limo kwenye jalada)
Umri: Miaka 79
Kazi: Fundi cherehani, mstaafu
Makazi: Chumba cha chini, nyuma ya soko

Mimi ndiye ninayedaiwa kutekwa. Miguu yangu imepooza. Ninatunzwa nyumbani na msaidizi ninayemwita Binti. Mwanangu alimpata kwa wakala wa wafanyakazi wa nyumbani.

Mnamo tarehe 14, saa tatu asubuhi, Binti alikuwa ananivisha soksi. Akasema, "Bibi, leo wenzangu wanakwenda kwa wakala. Wanadai mikataba, siku ya mapumziko na mshahara wa kueleweka."

"Na wewe?"

"Nikuache na nani?"

Mimi fundi ningeweka mkasi chini nikagoma. Kazi yake haiwekwi chini. Nikamwambia, "Sukuma kiti, twende wote." Akakataa. Nikamwambia, "Mwenye nyumba hii ni mimi."

Kwenye baraza la wakala tulikuta wengine wamefanya vilevile. Viti vya magurudumu vilijaa, na babu mmoja kiziwi alidhani tumeletwa kliniki. Hakuna aliyevunja kitu. Wakala alichungulia dirishani, akafunga pazia. Wasaidizi walitunywesha maji, wakatugeuza jua lisitupige usoni.

Mwanangu, aliyepigiwa simu na jirani, alifika na askari. "Mama, umetekwa!"

Nikamjibu, "Mtekaji gani anabeba dawa zangu na kitambaa cha kunifuta mdomo, baba?"

Askari walicheka. Binti hakucheka, alikuwa ameshatiwa pingu.

Naomba iandikwe pia kwamba Binti hulala mkekani kando ya kitanda changu. Mwili huu anaunyanyua peke yake, na nasikia anavyoguna kwa maumivu ya mgongo. Tangu aje hajapata Jumapili yake. Mwanangu analijua hilo. Nilikwenda kwa hiari yangu, kumsemea.

Nimeyasema haya nikiwa na akili timamu, na hakuna aliyenifundisha.

Alama ya shahidi: (dole gumba la kushoto)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Amekataa kuondoka kituoni bila msaidizi wake. Baadaye aliomba kwenda chooni. Mlalamikaji alisema yeye ni mwanamume, hawezi. Askari wa kike wawili walimpeleka. Mmoja ameumia bega. Mlalamikaji alisubiri nje ya mlango muda wote. Waliporudi, aliniuliza malalamiko yanafutwaje.