Naongea na Vivian Bila Mkalimani

Jumapili, 1 Juni 2025
Nimechoka na Sarah! Vivian, mjukuu wangu wa pekee, amepiga simu ya video kutoka Kanada. Mtoto hajui Kiswahili hata neno, Kinandi ndiyo usiseme. Anaongea weee, halafu Sarah, binti yangu ninayeishi naye, anatafsiri: "Mama, anakusalimia." Basi! Nimemzaa Sarah, sasa ananipimia maneno kama chumvi. Nikauliza, mwanangu Kimeli, baba wa mtoto, yuko wapi? Ati kazini. Jumapili? Nitajifunza Kiingereza mwenyewe, na uzee wangu huu.

Jumanne, 3 Juni
Mwalimu Nelima, jirani yetu hapa mtaa wa Pioneer, amekubali kunifundisha. Nimempa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Mbukusu huyu anaipenda kuliko sisi wenyewe!

Tumeanza na mambo ya kila siku. I drink tea. Rahisi. Halafu: Sarah drinks tea. Hiyo s ya nini? Mimi hapana, watu wengi hapana — Sarah peke yake anaongezewa! Nelima amecheka, ati hata yeye hajui, wenyewe ndio waliamua. Tena chai ninayokunywa sasa hivi ina kitenzi chake, na ya kila siku chake. Ajabu! Lakini kumbe hata Kiswahili kina "hunywa". Sisi wa huku tumeiachia vitabu.

Nimezunguka jikoni nikisema: The cat sleeps. The tea boils. Sarah talks too much.

Jumapili, 8 Juni
Sarah alikuwa kwa mkutano wa akina mama. Simu ikalia. Nimeshika mwenyewe!

Hello Vivian. I wake up at six. I feed the chickens. Mtoto akapiga makofi — "Kogo, you speak!" Kogo, yaani nyanya, ndilo neno lake pekee la Kinandi. Nimelia kidogo, nijidanganye kwa nini. Nikauliza, mama yako? "She works at a hospital." Ile s niliisikia! Nikajitia moyo, nikauliza kama baba husali naye asubuhi: Does Daddy pray with you in the morning?

"No, Kogo. Daddy doesn't live here. He comes on Saturday."

Anasema huku anatafuna mkate. Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kwa upole. Haishi hapo. Huja Jumamosi.

Jumatatu, 9 Juni
Nimemuuliza Sarah. Ameweka mwiko chini. Ati Kimeli na mkewe wametengana tangu Krismasi. Ati Kimeli alimwomba anifiche habari hiyo, presha yangu isipande. Presha! Mimi niliyezika mume! Jumapili zote hizo mtoto anasema ukweli, na huyu Sarah ananiletea salamu tu. Nimekasirika hadi chai ikapoa.

Halafu huruma ikanishika. Nani anampikia Kimeli huko?

Nimemkataza Sarah kumwambia kaka yake kwamba ninajua.

Jumatano, 11 Juni
Kimeli amepiga jioni hii. Amesikia ninasoma Kiingereza, furaha tele. "Haya Mama, niulize swali!"

Nyuma yake ukuta mtupu, na begi sakafuni halijafunguliwa. Amekonda, mtoto wangu.

Nikamuuliza anaishi wapi, polepole, vile Nelima hufundisha: Kimeli, where do you live?

Amecheka. Akaanza, "I live..." Akatazama begi, kisha mimi.

Simu nimeiegemeza kwa thermos, naandika. Bado ananiangalia. Sarah amefungua mdomo amsaidie. Nimemwambia anyamaze, hakuulizwa yeye.