Kibuyu cha Mafuta ya Nyonyo

Jumatatu, 5 Februari 1979

Nimepima oili kabla ya chai, kama kila siku. Kijiji chote cha Mbuba ni mteremko, kwa hiyo pikipiki naisukuma mpaka barazani kwa kanisa, ndipo penye sakafu tambarare. Oili imegusa ncha tu ya kijiti, chini kabisa ya alama. Nyeusi, inanuka kuungua. Ilitakiwa imwagwe Oktoba. Oktoba vita vikaanza, na tangu hapo sijaona kopo la oili kwa macho yangu. Wakulima wa Kirushya wananisubiri wiki ya pili sasa, kahawa yao inaugua. Bwana shamba asiye na oili ni mtembea kwa miguu mwenye kofia ya serikali.

Jumanne, 6 Februari

Barua kutoka kwa Deo. Imeletwa na mwanamgambo wa Nyakisasa aliyerudishwa nyumbani na mkono mmoja. Mwanangu yuko hospitalini Biharamulo, wiki ya tatu sasa, risasi ya paja. Mwandiko si wake, ameandikiwa na mtu. "Baba, njoo mapema. Mguu unanuka." Basi, hakuna zaidi.

Paskazia aliisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kidole juu ya karatasi. Kisomo cha watu wazima kimemfikisha hapo. Siku zote nimejivunia mke wangu kwa hilo. Leo ningependa asijue kusoma.

Mabasi hakuna. Malori yamechukuliwa kwenda vitani. Ni pikipiki au miguu, na kwa miguu ni siku nne.

Jumatano, 7 Februari

Nimekwenda bomani Ngara, taratibu, gia ya pili karibu njia nzima. Mtunza stoo alinionyesha rafu tupu. Oili yote ni ya jeshi. Nilimwonyesha barua. Akasema na yeye ana watoto wawili huko vitani. Nimeondoka nikiwa na hasira naye.

Jioni nimelegeza nati ya chini injini ikiwa bado ya moto, nikamwaga yote kwenye sufuria kuukuu. Chembe za chuma zinang'aa ndani yake. Nimeichuja kwa kitenge mara tatu. Ikabaki nusu ya kinachotakiwa.

Paskazia akatoka na kibuyu. Ni mafuta ya nyonyo aliyoyakamua mwaka juzi: mbegu akazikaanga, akazitwanga, akazichemsha kutwa nzima, mikono ikababuka. Wenye ng'ombe humpaka bibi harusi siagi, sisi tunampaka nyonyo. Haya yalikuwa ya mke wa Deo, siku atakapoingia hapa nyumbani. Nilikataa. Akasema, "Deo asiporudi, nitampaka nani?"

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa mitambo, kule chuoni. Alitufundisha kwamba zamani injini za mashindano, hata za ndege, zilitumia mafuta ya nyonyo. Nikafurahi kama mjinga. Nikamimina juu ya ile iliyochujwa. Kijiti kikasoma sawasawa kwenye alama. Nimezunguka kilima mara mbili, na haijawahi kulia vizuri namna hii. Paskazia alisimama mlangoni akicheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho. Alitaka twende wote. Nikamwambia pikipiki haibebi wawili kwenye vilima hivi, nitangulie mimi. Kesho alfajiri naondoka.

Alhamisi, 8 Februari

Naandikia nyumbani kwa mrina asali, pembezoni mwa msitu.

Asubuhi ilikuwa baridi, ukungu mpaka magotini. Nimepiga kiki mara tisa. Mlio mzito. Nikasema ni baridi tu, itapata moto. Nimeipita Nyakisasa vizuri. Msitu ulipoanza injini ikalia kama mtu anayekabwa, halafu kimya. Kiki haishuki. Imenoki, vyuma vimeshikana ndani.

Nimefungua nati ya chini. Hakikutoka kitu. Nimechokonoa kwa kijiti cha mti, ukaja ute mzito, mweusi na wa njano, unavutika kama bamia.

Hapo ndipo nusu ya pili ya lile somo ikanirudia. Nyonyo hukaa peke yake. Usiichanganye na oili ya dukani, zikipoa hutengana na kuganda. Mwalimu aliandika ubaoni akapiga mstari chini yake. Nilinakili kwa mkono wangu huu.

Miaka ishirini nawafokea wakulima kwa kuchanganya dawa za kahawa bila kuuliza.

Mrina asali amekubali kuitunza pikipiki. Amenisihi nisiingie msituni peke yangu, kuna simba. Kesho wapo watu watatu wanaokwenda upande huo. Nitaondoka nao.

Ijumaa, 9 Februari

Nimetembea. Lori la jeshi limetupita, nikapunga mikono yote miwili, halikusimama. Malengelenge miguuni. Wenzangu wanasimulia habari za vita na kucheka. Najichukia.

Jumapili, 11 Februari

Nimefika mchana. Deo amekufa jana asubuhi. Wamemzika jana hiyohiyo jioni.

Muuguzi aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, akanipa maji. Mama mwenye huruma. Aliniambia, "Kila pikipiki iliyopita barabarani aliuliza kama ni yako, mzee. Alisema mlio wake anaujua." Nikamuuliza Alhamisi alikuwaje. Alhamisi alikuwa ameketi, amekula uji, anaongea.

Alhamisi ndiyo ningefika.

Udongo bado mbichi. Kibao kina jina lake, wameliandika vizuri. Nimekaa pale hadi jua likageuka. Sikuweza kusali.

Alhamisi, 15 Februari

Nipo nyumbani. Lori la jeshi likirudi tupu lilinichukua, na pikipiki tukaipakia njiani. Nikienda na haraka malori hayasimami. Nikirudi bila haraka yoyote, dereva anasimama mwenyewe na kuniuliza ninakwenda wapi.

Paskazia alijua kabla sijashuka. Aliona pikipiki imelazwa juu ya lori, akaona uso wangu, akakaa chini palepale kwenye majani ya kahawa. Majirani wamejaa ndani na nje. Wanawake wanaimba nyimbo za kanisa. Nimechoka na watu, na sitaki waondoke.

Jumamosi, 17 Februari

Watu wamepungua. Paskazia ameniuliza kilichoua injini. Nikasema jiwe, lilipiga chini likapasua. Akauliza, "Na yale mafuta, yalisaidia?"

Nikasema yalisaidia sana. Nikasema bila yale nisingefika hata Nyakisasa.

Akaitikia kwa kichwa. Nimemwona akifuta macho, halafu akaenda kuchambua maharage. Nimedanganya mara nyingi maishani, kwenye ripoti za ofisi hasa, lakini uongo huu nitaubeba hadi kaburini kwangu. Akijua kwamba ni kibuyu chake, atakufa na yeye pia.

Jumatatu, 26 Februari

Sijapima oili. Leo asubuhi nimetoka na kitambaa mkononi, nimefika kwenye pikipiki, ndipo nikakumbuka.

Paskazia amekiosha kibuyu kwa maji ya moto na majivu, amekining'iniza jikoni, mdomo chini. Minyonyo ya nyuma ya nyumba imekomaa, mbegu zinadondoka zenyewe. Haokoti.

Kisomo chao kimeanza tena. Sasa anasoma hata magazeti ya zamani niliyobandika ukutani, kwa sauti ndogo, peke yake, akimaliza ukurasa anahamia mwingine. Anasoma chochote anachokiona.

Daftari hili nitaliweka chini ya kiti cha pikipiki, pamoja na spana. Hapo hapafunguliwi tena.