Mzee Evodius Hakuniitikia

Fadhila uko kwenye kompyuta? Mzee Evodius HAKUNIITIKIA!

Leo sisi wafagiaji wa maofisi tumeandamana hadi makao makuu ya kampuni, Roseville. Wakubwa wanagawana faida, sisi mshahara uleule tangu mwaka tisini na tatu. Mimi ndiye niliyekuwa mbele na kipaza sauti.

Mlangoni walinzi wamejipanga. Nainua macho, wa katikati ni yeye! Mzee aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika nchi hii, nikakaa kwake mtaa wa Phillips mwaka mzima kama binti yake.

Mdomo ukatangulia. Nikapiga goti kwenye theluji, “Shikamoo, baba.” Kwenye kipaza sauti!

Akatazama juu ya kichwa changu. “Ma'am, step back.” Kaniambia bibie rudi nyuma, kama hanijui. Ma'am! Mimi!

Ndiyo, bosi wake alikuwa pembeni, nimemwona. Lakini shikamoo, Fadhila?

Sasa hivi nimeingia nyumbani, taa ya mashine ya kurekodi ujumbe wa simu inawaka. Ujumbe mmoja. “Marahaba, mwanangu.” Kisha akakata.

Nimeusikiliza mara nne. Analia.