Mtoto wa Komba Kwenye Panda

Dabaso

Kwa Mjomba Ngumbao,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mama amevuna muhogo.

Ni wewe tu niliyekuambia kwamba komba wa kisiwani wamebaki wachache, huzaa mtoto mmoja, na mama humficha kwenye panda ya mti akienda kutafuta wadudu. Ulicheka, "Haya, daktari wa komba!" Nikafurahi. Kumbe ulipouliza ni mti gani, ulikuwa na lako.

Rafiki yangu Lynn amemwona mtoto yule wa komba kizimbani, katika hoteli unayofanyia kazi.

Mamake bado huja pandani kila jioni, akiita. Mlete mtoto Jumamosi, mjomba, kabla mamake hajachoka kurudi. Nitakungoja pwani tuvuke pamoja hadi kisiwani, na sitamwambia mtu.

Mpwa wako,
Kadzo